Mchango wa Harusi na Mchango wa Fafsa

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita mbele ya wazazi wanaozungumza Kiswahili hapa Lexington, Kentucky, kuhusu fafsa, ile fomu ya kuombea msaada wa serikali wa kulipia chuo. Waliokuwa zamu kazini waliniomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka.

Shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum kwa ndugu zangu Waislamu, Bwana asifiwe kwa walokole, na jambo kwa vijana mliojificha kule nyuma na simu zenu. Nyinyi ndio tumewajia leo, kwa hiyo sogeeni mbele.

Naanza na swali. Nani humu ndani hajawahi kuchangia harusi? Nyoosha mkono tukuone.

Hakuna. Nilijua. Kadi inaingia WhatsApp, kamati inakaa, mweka hazina anasoma orodha: fulani aliahidi 200, katoa 50. Sote tunaujua mchango. Ukishatamka umeahidi, ukishaahidi unadaiwa, na usipotoa jina lako linasomwa mbele ya watu.

Sasa sikilizeni kilichotupata Marekani. Kwa miaka mingi serikali ya hapa ilikuwa ikipiga hesabu ya kila familia yenye mtoto anayekwenda chuo, na mwisho wa hesabu ikatoka namba. Namba hiyo waliibatiza jina ambalo kwa lugha yetu ni "mchango wa familia unaotarajiwa". Mimi niliyezaliwa Kigoma nikisikia mchango unaotarajiwa, naelewa nini? Naelewa harusi. Naelewa kuna kamati mahali fulani imeshaandika jina langu.

Tangu mwaka wa masomo 2024–25 jina hilo limefutwa. Siku hizi ni kielezo cha msaada wa mwanafunzi, kwa kifupi SAI. Lakini hofu haijafutwa, na lile neno lenyewe limerudi kwa mlango wa nyuma: mzazi anayeitwa kujaza sehemu yake ya fomu ya fafsa anaitwa mchangiaji.

Mwaka juzi kuna baba mmoja, mtu wa Fizi kule Kongo, anafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Aliletewa barua pepe: mwanao amekualika uwe mchangiaji. Akazima simu. Binti akatuma tena. Akazima tena. Binti akanifuata shuleni ninakofanya kazi, analia, nami nikampigia baba. Aliniambia hivi: "Dada, nina watoto sita. Nikisaini pale nimeahidi. Nikishindwa kulipa si watanifunga?"

Mnacheka, lakini nani kati yenu hajawaza hivyo? Yule baba hakuwa mkaidi. Alikuwa mtu mwaminifu anayeogopa kuahidi asichonacho.

Kuwa mchangiaji kwenye fomu ile ni kutoa habari zako. Unakubali mamlaka ya kodi ipeleke ritani yako kwenye fomu ya mtoto, basi. Kusaini hakukufanyi mdaiwa. Hakuna dola hata moja uliyoahidi pale. Usiposaini, hata hivyo, kuna hasara ya kweli: bila ridhaa ya mzazi kuhusu habari za kodi, mtoto hapati msaada wowote wa serikali kuu, iwe ruzuku au mkopo. Baba yule alisaini baada ya wiki saba. Ruzuku ya jimbo letu hutolewa kwa wanaowahi, zikiisha zimeisha. Kwa binti yake zilikuwa zimeisha.

Wiki saba, ndugu zangu. Kwa ajili ya neno moja.

Basi namba yenyewe ni nini? Ichukulieni kama mizani ya pale sokoni Kariakoo. Mizani haikuuzii samaki. Inakuambia uzito, bei utaelewana na mwenye samaki. SAI inapima familia kwa kutazama kipato cha miaka miwili nyuma, kwa hiyo fomu ya mwaka wa masomo 2026–27 inatazama kodi ya 2024. Inatazama pia mko wangapi nyumbani na mna akiba kiasi gani. Inaweza kushuka hadi hasi 1,500. Naam, chini ya sifuri. Kuna baba aliniuliza kama hiyo maana yake yeye ndiye anayeidai serikali. Nilimwambia ingekuwa vizuri.

Namba ikiwa sifuri au chini yake, mtoto hupewa nzima ile ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, dola 7,395 kwa mwaka, kiwango ambacho hakijapanda tangu 2023–24. Namba ikiwa 2,000, toa 2,000 kwenye 7,395, zinabaki 5,395. Pell ni hesabu ya kutoa ya darasa la tatu, na ruzuku hairudishwi.

Hapa ndipo watu wetu wanapojikwaa mara ya pili. Mama anaona SAI yake ni 2,000, anapumua, anasema "alhamdulillah, elfu mbili nitazipata, tutaungaunga." Agosti bili ya chuo inakuja: 14,000. Anakuja kwangu na karatasi mbili mkononi, anaziweka mezani pamoja. "Mbona serikali ilisema elfu mbili?" Serikali haikusema hivyo, mama. Serikali ilipima tu. Chuo hakilazimishwi na mtu kulijaza pengo lililo kati ya ile namba na bei yake. Vipo vyuo vichache tajiri vinavyojaza lote. Vingi havijazi.

Na kabla sijasahau: zamani ukiwa na watoto wawili chuoni kwa wakati mmoja, ile hesabu iligawanywa kwa wawili. Sasa haigawanywi. Wenye mapacha, poleni sana.

Sasa nataka kuzungumza na wale wanaolea watoto wasiowazaa. Najua mko wengi. Kwetu mtoto wa kaka yangu ni mwanangu. Nani atabisha? Sasa fomu inabisha. Kwa fafsa, mzazi ni aliyekuzaa au aliyekuasili kisheria, pamoja na mume au mke wake. Shangazi si mzazi. Mjomba si mzazi. Bibi aliyekubeba mgongoni kutoka Uvira mpaka kambi ya Nyarugusu, akakulisha ubwabwa wa mgao miaka kumi na miwili, kwa fomu ile si mzazi.

Kijana mmoja alikuja huku na shangazi yake. Baba aliuawa, mama walipotezana vitani, mpaka leo hajulikani aliko. Shangazi akajaza fomu kama mama, kwa nia njema kabisa, kwa sababu yeye ndiye mama! Kipato chake na cha mumewe kikaingia, namba ikapanda, Pell ikawa ndogo. Kisha ofisi ya chuo ikaomba vyeti, majina hayalingani, faili likasimamishwa. Kijana akaanza muhula akiwa na deni kwenye akaunti yake.

Alistahili kufanya nini? Fomu ina swali kuhusu hali isiyo ya kawaida: kwamba huwezi kuwasiliana na wazazi wako, au kuwasiliana nao kungekuhatarisha. Sheria imetaja wazi, miongoni mwa hali hizo, mtu aliyepewa ukimbizi au hifadhi kisheria. Kijana anajibu ndiyo, anahesabiwa kwa muda kama anayejitegemea, na chuo kinatakiwa kulipitia jambo lake. Atahitaji karatasi: barua ya shirika lililowapokea, ya mwalimu, ya mchungaji au imamu anayeijua habari yao. Na aliyepewa mlezi na mahakama, au aliyekuwa yatima wa baba na mama wakati wowote tangu alipofika miaka 13, naye huhesabiwa anajitegemea. Lakini mlezi awe wa mahakama. Wa kikao cha ukoo hatambuliwi, hata kama kikao kilikaa siku tatu na mbuzi akachinjwa.

Tulilirekebisha faili la yule kijana. Ilichukua mpaka Novemba. Shangazi yake aliniuliza swali moja ambalo sikuwa na jibu lake: "Kwa hiyo mimi niandikwe nani?" Kwenye fomu ile hakuna mahali pa kumwandika.

Nani anaweza kuomba? Raia, mwenye grinikadi, mkimbizi aliyepokewa, aliyekwishakubaliwa hifadhi. Anayesubiri jibu la hifadhi bado. Hayo ni ya mtoto. Mzazi haulizwi hali yake ya uhamiaji, na asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti na kusaini. Lakini sitamwambia mtu asiogope, nyakati hizi mnazijua wenyewe. Ukiwa na wasiwasi, muone mwanasheria kwanza. Usije kwangu, mimi ni mtu wa fomu tu.

Tuje kwenye pesa iliyo benki. Hapa naomba waweka hazina wote wanisikilize. Wakenya mnaita chama, Watanzania upatu, Wakongo likelemba. Pesa inazunguka, na kuna mtu anaishika.

Baba mmoja na mkewe, wote wana kazi, pamoja wanaingiza zaidi ya 70,000 kwa mwaka. Jumuiya yao ilichangisha dola 6,000 za msiba, kusafirisha mwili. Benki ya baba ilikuwa na matatizo, wakaziweka kwenye akaunti ya kijana wake, siku chache tu. Katika siku hizo chache kijana akajaza fafsa. Fomu inauliza: leo hii una kiasi gani benki? Kijana mkweli akaandika 6,000 na ushee. Akiba ya mwanafunzi huhesabiwa senti 20 kwa kila dola. Piga hesabu: dola 1,200 zikaongezeka kwenye namba yake, na Pell ikapungua kwa kiasi hichohicho. Pesa za marehemu! Zingekuwa kwa mzazi, zisingezidi senti 6 kwa dola, na hata hivyo wengi wenu hamtaulizwa kabisa habari za akiba, kwa sababu familia nyingi zenye kipato chini ya 60,000 husamehewa swali hilo. Nyumba mnayoishi haihesabiwi. Akiba ya uzeeni haihesabiwi. Ila vyuo vingine vya binafsi vina fomu yao ya pili, na hiyo huuliza hata nyumba. Fomu hiyo nyingine tutaizungumzia na wale inaowahusu.

Na pesa tunazotuma nyumbani? Nilijua mtauliza. Tangu Goma ilipotekwa Januari 2025, kuna nyumba humu ambazo kila Ijumaa zinatuma. Bibi amekimbia, mdogo wako yuko Bujumbura na watoto wanne, ada, dawa, kodi ya chumba. Fomu haiyaoni hayo. Hakuna sanduku la "nimemtumia mama". Kwa ile mizani, pesa uliyotuma Goma bado iko mfukoni mwako hapa Lexington. Nimeona ofisi moja ya chuo iliyokubali kutazama risiti za kutuma pesa na kuzifikiria. Nimeona nyingine iliyokataa hata kuzishika. Wekeni risiti.

Haya. Machi, Aprili, barua ya chuo inakuja. Imeandikwa hongera. Ina nembo ya dhahabu. Binti anapiga kelele, mama anapiga vigelegele, picha inapanda kwenye grupu la familia. Naomba mpige vigelegele, halafu mniletee ile barua.

Mama mmoja aliniletea mbili. Ya kwanza ya chuo cha binafsi, bei ya mwaka na bweni 52,000. Chini kabisa imeandikwa: kiasi kilichobaki, dola 105. Ya pili ya chuo cha umma, bei 29,000, kiasi kilichobaki 9,105. Nawauliza nyinyi: kipi ni rahisi? Mama alishachagua. Alishanunua fulana ya kile chuo cha kwanza.

Tuligeuza bahasha, tukaandika nyuma yake. Cha kwanza kilikuwa kimempa ufadhili 24,000, na Pell 5,395. Hizo ni za kupewa. Zilizofuata: mkopo wa mwanafunzi 5,500. Kazi ya chuoni 2,000, ambazo binti azitoe jasho kwanza. Kisha mstari mmoja wenye jina refu la Kiingereza, dola 15,000. Nikamuuliza, mama, unaujua huu? Akasema si ufadhili? Nikamwambia huu ni mkopo, na si wa binti, ni wako wewe.

Unaitwa Parent PLUS. Riba yake kwa mikopo ya mwaka wa 2025–26 ni asilimia 8.94, na ada ya zaidi ya asilimia 4 hukatwa kabla hata pesa haijafika chuoni. Chukua 15,000 kila mwaka kwa miaka minne, ni 60,000. Ukilipa kwa miaka kumi, ni zaidi ya dola 750 kila mwezi. Mama huyu anafua mashuka hotelini. Kuanzia Julai 2026 serikali imeweka kikomo kwa wakopaji wapya, 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla ya mtoto mmoja. Mnaona? Ile 60,000 ya mama inapita chini ya kikomo bila kugusa. Kikomo hakimsaidii.

Tukafuta mikopo na kazi, tukabakiza za kupewa peke yake. Cha kwanza: 52,000, toa 29,395, zinabaki 22,605. Cha pili kilikuwa na ufadhili wa chuo na wa jimbo 9,000 pamoja na Pell ileile: 29,000, toa 14,395, zinabaki 14,605. Ndiyo bei halisi. Kile kilichoonekana rahisi ni ghali kwa 8,000 kila mwaka. Mama aliitazama ile bahasha muda mrefu. Kisha akauliza: "Na akilala nyumbani?" Bweni na chakula zikatoka kwenye bili ya chuo, hesabu ikashuka tena. Binti alipanda basi mwaka mzima wa kwanza. Alinuna mpaka Oktoba, kisha akazoea. Fulana mama anafanyia usafi.

Mniruhusu neno kwa wanaoogopa riba kwa sababu ya dini. Siwafundishi dini, masheikh wapo. Nasema tu mikopo haifanani. Ule wa mwanafunzi una sehemu mbili, na moja kati yake riba yake hulipwa na serikali muda wote mtoto akiwa masomoni. Mwaka wa kwanza hiyo inafika 3,500. Zote zitakuwa ndani ya barua, mstari kwa mstari, na mna haki ya kukubali mstari mmoja na kuukataa mwingine. Barua si sinia la biriani kwamba ukipokea umepokea lote.

Waliosoma Dar wanakumbuka "boom": pesa ya bodi ya mikopo inaingia siku moja, mji mzima unajua. Huku hakuna kelele. Pesa inaingia kimya chuoni, na ikikosekana inakosekana kimya vilevile, mpaka siku mtoto anapozuiwa kujisajili. Fomu hujazwa upya kila mwaka. Chuo kikiomba karatasi za uhakiki, hazijarudi, hakuna kitu.

La mwisho linanihusu mimi mwenyewe. Mwanangu wa kwanza alipoomba, fomu ilitazama mwaka ambao mume wangu alikuwa na ovataimu nyingi sana, kiwanda kilikuwa na oda. Tulipofika wakati wa kulipa, zamu ile ilikuwa imefutwa, saa zimekatwa. Namba ikatusoma matajiri. Nikaenda ofisi ya chuo. Mtu wa dirishani, sitaji chuo, akaniambia namba inatoka serikalini na wao hawawezi kuigusa. Nikaamini. Nikarudi nyumbani nikamwambia mume wangu wamesema haiwezekani. Tukakopa.

Mwaka mzima baadaye nikajua haikuwa kweli. Sheria inampa ofisa wa misaada ya kifedha mamlaka ya kurekebisha hesabu kwa familia moja moja hali inapobadilika: kazi ikikatwa, ugonjwa usiolipwa na bima, kutengana kwa wazazi. Hawalazimiki kukubali, ila wanaweza. Nilirudi na barua ya kiwanda, hati tatu za mshahara wa zamani na tatu za mpya. Sikwenda dirishani. Niliomba miadi. Dada aliyenipokea alisoma dakika kumi, akaniuliza kwa nini sikuja mwaka jana.

Nilikuja, nikamwambia.

Mwaka ule Pell iliongezeka. Deni la mwaka wa kwanza tunalilipa hadi sasa, tarehe 15 ya kila mwezi. Kwa hiyo mtu wa dirishani akikuambia haiwezekani, muulize jina la mkubwa wake na siku anayopatikana. Kwa adabu. Kwa Kiswahili chako cha ndani ukiwa umechukia, kwa Kiingereza ukiwa unatabasamu.

Basi tufanye kazi. Herufi ya kwanza ya fafsa ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya bure, kwa hiyo aliyewatoza 150 mwaka jana kuwajazia aliwaibia, na nasikia kadi zake ziko hapo mlangoni, naomba zitolewe. Meza ya dirishani ni ya wenye ritani ya 2024 mkononi. Meza ya jikoni ni ya walezi, shangazi, wajomba na mabibi. Nimekaa hapo mimi mwenyewe. Wenye barua za vyuo za watoto wa mwaka jana, njooni na bahasha. Kila mzazi akae na mtoto wake, simu mbili, na barua pepe mbili tofauti, maana baba na mtoto mkitumia moja mashine inakataa na tutaanza upya. Chai iko nyuma, maandazi yatakuja. Yule baba wa Fizi yuko pale karibu na birika, mwaka huu ana mtoto wa pili, na kaniambia ameshasaini tangu Jumatano.